Barua ya wazi kwa waratibu wa kampeni za wapiga kura Maine: msitusubirishe hadi Oktoba

Lewiston, Maine
Machi 2026

Kwa: Wakurugenzi na waratibu wa muungano wa mashirika ya kimaendeleo yanayohamasisha wapiga kura katika Jimbo la Maine, Marekani

YAH: KUACHWA NJE KWA WAPIGA KURA WANAOZUNGUMZA KISWAHILI KUELEKEA MCHUJO WA JUNI 9 NA UCHAGUZI WA NOVEMBA 3, 2026

Waheshimiwa viongozi,

Salaam. Nawaandikia hadharani kwa sababu njia za ndani zimekwisha. Tuliandika barua pepe, tukajibiwa kuwa zimepokelewa. Tukaomba kikao, tukaambiwa tusubiri mratibu mpya aajiriwe. Mratibu alipofika akatueleza kwa upole kwamba mambo ya bajeti yako kwa mwingine, na huyo mwingine hajibu. Kwa danadana hizo tumeingia mwaka mwingine wa uchaguzi, na tukinyamaza tena tunajua kitakachofuata: vijana wenye fulana zenu watapita mitaani kwetu wiki chache za Oktoba, kisha hatutawaona mpaka miaka miwili ipite.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Wapo kati yenu watakaohitaji mkalimani ili wanisome. Samahani kwa usumbufu. Mama zetu wanausikia usumbufu huohuo kila mnapowakabidhi vipeperushi vyenu.

Kwanza haki isemwe. Kazi ya kubisha hodi mlango kwa mlango imelibadilisha jimbo hili, na nyinyi mmekuwa mstari wa mbele. Mwaka 2011 Bunge la Maine lilipofuta utaratibu wa kujiandikisha siku ileile ya kupiga kura, uliokuwapo tangu 1973, watu wa kawaida walizunguka wakikusanya saini, suala likapelekwa kwa wananchi, na Novemba ya mwaka huohuo utaratibu ukarudi. Mwaka 2016 kima cha chini cha mshahara kilipandishwa kwa kura ya wananchi. Mwaka 2017 ikawa zamu ya kupanua bima ya afya ya Medicaid, ile ya watu wa kipato kidogo, baada ya Gavana Paul LePage kuipiga kura ya turufu mara kadhaa. Na Novemba 2025 wananchi wakalikataa pendekezo la kudai kitambulisho cha picha na kubana kura za mapema. Kwetu sisi hilo la mwisho si jambo dogo. Wengi hapa wanatunza wazee zamu za usiku au wanapakia mizigo kwenye maghala, na Jumanne, siku ya uchaguzi, hawawezi kupanga foleni. Kura ya mapema kwa karani wa jiji ndiyo inayowafaa.

Kwa hiyo anayewalalamikia hapa si mpinzani wenu. Ni mtu anayekubaliana nanyi kuhusu kodi za nyumba, malezi ya watoto na mishahara, na anayeshangaa kwa nini mnafanya kazi kana kwamba hayupo. Malalamiko yetu ni haya.

1. Orodha yenu inaturuka.

Anayetaka kuelewa asimame jioni moja katikati ya Lewiston, kwenye mitaa yenye majina ya miti, Birch, Walnut, Pine, penye nyumba za mbao za ghorofa tatu zenye roshani kwa mbele. Kijana wenu anafika, simu mkononi. Anabonyeza kengele ya chini, anaongea na mzee mmoja, anajaza majibu, anashuka ngazi na kuelekea jengo la mbele. Ghorofa ya pili ya jengo lile kuna baba, mama na binti yao, wote raia na wote wameandikishwa. Ya tatu kuna ndugu wawili waliokula kiapo cha uraia. Nilimuuliza kijana mbona hapandi juu. Hakuwa na ubaya wowote. Alinigeuzia simu nione. Kwa jengo zima kulikuwa na jina moja.

Nyinyi mnajua inavyokuwa, lakini wasomaji wangu huenda hawajui. Programu ile ya kwenye simu hulishwa daftari la wapiga kura, kisha kila jina hupewa alama: huyu ana uwezekano gani wa kupiga kura, na ana uwezekano gani wa kutuunga mkono. Mwenye alama nzuri ni yule aliyepiga kura uchaguzi uliopita na ule uliotangulia. Aliyeapishwa juzi hana uchaguzi uliopita. Mashine inamhesabu kuwa mtu asiyejitokeza, basi hagongewi mlango. Asipogongewa hapati habari, asipopata habari hapigi kura, na mwaka unaofuata alama yake inakuwa mbaya zaidi. Halafu kwenye vikao tunaambiwa, kwa sauti ya huruma kabisa, kwamba jamii yetu haijitokezi.

Ongezeni hapo kwamba mpangaji huhama kila kodi inapopanda, na anwani iliyoko kwenye daftari inabaki ya zamani.

Mkimbizi aliyeletwa na mpango wa serikali huomba kadi ya ukaazi baada ya mwaka mmoja, na anaweza kuomba uraia baada ya miaka mitano tangu afike. Piga hesabu: waliotoka kambi za wakimbizi za Kakuma, Nyarugusu au Nakivale mwaka 2018 na 2019 wamekwisha kuwa na haki ya kuwa wapiga kura sasa. Kwa wengi wao huu utakuwa uchaguzi wao wa kwanza wa gavana, na kiti chenyewe kiko wazi, kwa kuwa Gavana Janet Mills amefikisha mihula miwili mfululizo na katiba haimruhusu wa tatu. Viti vyote 151 vya Baraza la Wawakilishi la jimbo na 35 vya Seneti navyo vinashindaniwa. Mnataka nini zaidi ndipo mpande ngazi?

Na msiseme haiwezekani. Mwaka 2019 Safiya Khalid, binti wa miaka 23 aliyezaliwa Somalia, aliingia Baraza la Jiji la Lewiston baada ya kampeni ya nyumba kwa nyumba, huku akitukanwa mitandaoni na watu ambao hata mji huu hawaujui. Mwaka 2022 Mana Abdi na Deqa Dhalac wakachaguliwa kuingia Bunge la Maine. Watu walijitokeza kwa sababu kuna waliokwenda kwao.

2. Mnaandikisha watu bila kuwapa onyo.

Hili ndilo linalonikosesha usingizi, na ndilo mlilolijibu kwa wepesi kuliko yote.

Watu wenu husimama nje ya maduka ya vyakula vya halali na kwenye sherehe za mitaa, ubao na fomu mkononi, wakimuuliza kila apitaye kama amejiandikisha. Kwa aliyezaliwa hapa swali hilo ni la kawaida tu. Kwetu, nyumba moja inaweza kuwa na baba aliye raia, mama mwenye kadi ya ukaazi na shemeji anayesubiri kesi yake ya hifadhi. Chini ya sheria za shirikisho za mwaka 1996, asiye raia akipiga kura katika uchaguzi wa shirikisho anatenda kosa la jinai na anaweza kufukuzwa nchini. Akidai kwa uongo kwamba ni raia, anaweza kufungiwa njia ya ukaazi na uraia maisha yake yote, na msamaha wa kosa hilo ni haba mno. Dai hilo linaweza kuwa alama moja tu kwenye kisanduku kimoja cha fomu.

Mliponijibu kwamba fomu yenyewe inauliza kuhusu uraia, nilitamani mngekuwa mmewahi kukaa kambini. Kule mtu mwenye kitambulisho shingoni akikuletea fomu, unajaza. Huulizi. Usipojaza, mgawo wa chakula unakupita. Aliyeishi hivyo miaka kumi na zaidi haachi tabia hiyo kwa kupanda ndege. Anamwona kijana wenu anatabasamu, ana haraka, ana kitambulisho, basi anachukua kalamu. Swali la uraia liko pale, ndiyo, kwa Kiingereza.

Hali ni hiyohiyo kwa saini za kupendekeza sheria, mnazozikusanya nje ya vituo siku za kupiga kura. Anayeruhusiwa kusaini ni mpiga kura aliyeandikishwa tu. Tumewaona watu wenu wakimsainisha yeyote anayesimama.

Upande wa pili kuna hofu. Siku hizi za kamatakamata ya wahamiaji, mgeni mwenye simu akigonga mlango saa moja usiku, kuna nyumba zinazozima taa, hata za raia wenye pasipoti kabatini. Mlango ule utafunguliwa kwa mtu anayefahamika kanisani, msikitini au kwenye kikundi cha akina mama. Kwa mgeni wenu haufunguliwi, awe na nia njema kiasi gani.

3. Hamjatufundisha namna ya kupiga kura ya Maine.

Tangu Juni 2018 jimbo hili linatumia kura ya kupanga wagombea kwa mfuatano: chaguo la kwanza, la pili, la tatu. Wengi wetu tumetoka nchi ambako unaweka alama au dole gumba kwa mmoja, umemaliza. Na Maine yenyewe imeuchanganya utaratibu. Kwenye mchujo wa Juni, wagombea ugavana wa kila chama wanapangwa kwa mfuatano. Novemba, gavana huyohuyo anachaguliwa kwa alama moja tu, kwa sababu mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya jimbo ilitoa maoni kwamba katiba ya Maine inampa ushindi mwenye kura nyingi kuliko wenzake. Lakini Novemba hiyohiyo, seneta na mbunge wa Congress, yaani bunge la taifa, wanapangwa kwa mfuatano. Siku moja, chumba kimoja, taratibu mbili.

Nimekaa na akina mama mbele ya mfano wa karatasi ya kura. Majina yako kushoto yakishuka, nguzo za chaguo la kwanza hadi la mwisho zinakwenda kulia, na kati yake vijiduara vya kupaka wino. Mama wa kwanza alipaka vijiduara vyote vya nguzo ya kwanza kwa sababu, alisema, wote wanaonekana watu wazuri. Hapo kura yake ya nafasi ile imeharibika. Wa pili alimpaka mgombea mmoja nguzo zote ili ampe nguvu. Hakumpa kitu; anahesabiwa mara moja tu. Ndipo tukaacha majina ya wanasiasa tukapigia kura chakula: wali, ndizi na chapati. Wali uliongoza raundi ya kwanza bila kufikia nusu, chapati iliyokuwa ya mwisho ikaondolewa, waliochagua chapati wakawa wameweka ndizi ya pili, kura zao zikahamia huko, na ndizi ikachukua ushindi. Warundi waliokuwapo hawakuficha furaha yao. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini mwaka 2018 Jared Golden, mtu wa hapahapa Lewiston, alikuwa nyuma kwenye hesabu ya kwanza ya wilaya ya pili ya Congress hapa Maine na bado akashinda.

Somo lile lilituchukua jioni moja, na gharama yake ilikuwa kalamu na karatasi. Nyinyi mlitutumia kiungo cha video ya Kiingereza.

Tena hamkuwaambia watu kwamba tangu 2024 asiye na chama anaweza kushiriki mchujo wa chama kimoja akitaka. Raia wetu wapya wengi waliacha sehemu ya chama wazi walipojiandikisha, kwa tahadhari tu, na mpaka leo wanaamini kuwa Juni haiwahusu.

4. Haki ya kuwa na msaidizi imefichwa.

Mmetuambia mara nyingi kwamba sheria hailazimishi karatasi za kura za Kiswahili. Kweli. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura, kilichoongezwa 1975, kinahusu Kihispania, lugha za watu wenye asili ya Asia, na za wenyeji wa asili wa Amerika na Alaska. Lugha za Afrika hazimo, hata tungejaza mji mzima.

Lakini mbona mnaishia hapo? Kifungu cha 208, cha mwaka 1982, kinasema mpiga kura asiyeweza kusoma au kuandika, au asiyeona, au mwenye ulemavu, anaweza kusaidiwa na mtu anayemtaka mwenyewe. Wasioruhusiwa ni mwajiri wake au wakala wa mwajiri, na ofisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Asiyesoma Kiingereza cha karatasi ile anaingia humo. Nimeshuhudia bibi akiambiwa kituoni mjukuu wake abaki nje, na mwangalizi mliyemtuma ninyi, beji kifuani, akiwa amesimama pale hana la kusema. Hakuijua sheria. Bibi alirudi nyumbani bila kupiga kura, na sidhani kwamba mwaka huu atakubali kushawishiwa kwa urahisi.

5. Lugha mnazikisia.

Mkongo anapewa karatasi ya Kifaransa. Mama wa Fizi au Uvira anayezungumza Kibembe, Kifuliiru na Kiswahili ataifanyia nini? Wabantu wa Somalia wanapewa ya Kisomali, na wapo kati yao wazee ambao lugha ya nyumbani ni Kizigua, walichokibeba mababu zao kutoka Tanganyika. Kiswahili chenu kinatoka kwenye mashine na hakuna aliyeombwa kukipitia. Ulizeni kabla ya kuchapisha, basi.

6. Mnatutaka kwenye picha. Kwenye malipo hamtutaki.

Vijana mnaowaleta kutoka nje ya mji hulipwa kwa saa. Sisi tunaoombwa kutafsiri, kutafuta ukumbi, kupiga simu na kupika tunaitwa wajitoleaji. Baadaye tunajiona kwenye taarifa mnazowapelekea wafadhili, akina mama wamevaa vitenge, wanacheka. Kujitolea si jambo geni kwetu. Watu hapa wanazika, wanaozesha na kuuguza kwa michango. Ila hatukubali kwamba kazi ileile iwe ajira kwa mwanafunzi wa chuo na moyo mwema kwa dada anayezungumza lugha nne.

Najua mtakayosema. Mtasema fedha huja Agosti na huisha Novemba, wafadhili ndivyo wanavyotaka. Basi waambieni wafadhili ukweli, kwamba mpiga kura mpya hatengenezwi kwa wiki sita. Mtasema mashirika yasiyo ya faida hayaruhusiwi kuunga mkono mgombea. Hatujawaomba hilo, kuandikisha wapiga kura na kuwafundisha bila upendeleo kunaruhusiwa, na mnakufanya kila siku kwingine. Mtasema mna mtu wetu kwenye bodi. Tunamheshimu sana, lakini mtu mmoja anayeitwa kwenye vikao vya robo mwaka hawezi kupanga mitaa mizima. Na mtasema muda umebaki mdogo. Tulipoanza kuwaandikia ulikuwa mwingi.

Tunachoomba ni hiki. Ajirini waratibu kutoka jamii hizi, Lewiston na Portland, kwa malipo yaleyale mnayowapa wengine, na mikataba yao ivuke Novemba ifike angalau kikao kijacho cha Bunge, maana hapo ndipo waliochaguliwa huamua mambo ya kodi za nyumba na msaada wa dharura. Kwenye majengo ya wapangaji, acheni alama za mashine: gongeni kila mlango, na anayegonga awe anafahamika. Mtu yeyote asipewe fomu ya kujiandikisha wala karatasi ya saini kabla ya kuelezwa, kwa lugha yake, kwamba ni ya raia tu na madhara ya kukosea ni yapi. Tumeshaandika maneno hayo kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Lingala, yachukueni bure. Kila mwangalizi wenu afundishwe Kifungu cha 208 na awe nacho kimechapishwa mfukoni siku ya kura. Gharimieni madarasa ya karatasi ya kura kabla ya Juni, na tena kabla ya Novemba kwa sababu utaratibu wa gavana unabadilika. Picha za watu wetu zisitumike bila ridhaa yao.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya Aprili 30. Tarehe hiyo tumeichagua kwa sababu kura za mapema za mchujo huanza kutolewa takriban siku 30 kabla ya Juni 9, na kwa anayefunguka macho katikati ya Mei kazi itakuwa imeshampita. Msipojibu, tutaendesha uandikishaji wetu wenyewe kwa nguvu tulizonazo, na tutawaandikia wafadhili wenu tukiwaeleza ni milango ipi haikugongwa.

Mkikubali kikao, kifanyike kwetu, jioni, baada ya zamu ya mchana na kabla ya zamu ya usiku. Ukumbi tunao, chai na mandazi vitakuwapo. Mkalimani wa Kiingereza mje naye.

Wenu katika kazi hii,

Mpiga kura na mkalimani wa kujitolea,
kwa niaba ya wakazi wanaozungumza Kiswahili,
Lewiston, Maine